Deni Lililofichwa Hula Msaada
Mazungumzo kwa familia za vijijini zinazosubiri msaada wa pesa

(Muziki wa kufungua kipindi. Sauti inashuka, msemaji anaanza.)

 

Leo tunasema juu ya pesa ya msaada. Miaka mingi hapa mashariki ya Kongo tumezoea msaada wa kitu: mfuko wa unga, mafuta, sabuni, shiti, mablangeti. Sasa, mahali pengi ambapo soko linafanya kazi, mashirika yanatoa pesa yenyewe, mkononi au kwa simu, na familia inaamua itanunua nini. Ni jambo la heshima. Lakini ni jambo linalotaka akili ya nyumbani, kwa sababu unga ukifika kila mtu anajua utapikwa. Pesa ikifika, kila mmoja ndani ya nyumba ana wazo lake.

Kabla ya kugawa, wafanyakazi wa msaada hupita vijijini wakiuliza swali moja: "Mkipata pesa, mtaitumia namna gani?" Ukikaa katika baraza na kusikiliza majibu, utasikia maneno yaleyale. Mbuzi. Masomo ya watoto. Mabati ya nyumba. Mtaji wa biashara ndogo. Ni majibu mazuri, na hakuna anayesema uongo, maana kila mzazi anataka mtoto asome na kila mtu anataka nyumba isiyovuja.

Lakini subiri baraza livunjike. Mama mmoja atabaki nyuma, atasema kwa sauti ya chini: "Mimi kwanza nina deni." Kisha mzee mmoja atasema hivyohivyo. Baadaye unagundua kwamba karibu kila nyumba ina deni, na katika baraza hakuna aliyelitaja.

Ndugu zangu, hilo ndilo neno langu la leo. Mpango wa pesa usioanza na deni hautafika mwisho wa mwezi.

(Muziki mfupi.)

Kwa nini tunaficha? Wengine wanaogopa kwamba mwenye kuandika orodha atasema, "Huyu hajui kutunza pesa, tumwondoe." Wengine wanaona haya mbele ya jirani. Na wengine wanasema lile wanalofikiri mgeni anapenda kusikia.

Sikilizeni vizuri. Pesa inapotolewa bila masharti, maana yake ni hiyohiyo: hakuna masharti. Kulipa deni ni matumizi halali kama kununua mahindi. Kama shirika lenu limeweka sharti fulani, kwa mfano pesa ya mbegu tu, wawaeleze mbele ya watu wote. Msiogope kuuliza. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Na deni nalo lina siku yake ya kulia: mara nyingi ni siku ya malipo, wakati mdai anasimama kando ya njia akikungoja utoke na noti zako.

Sasa tuangalie madeni yenyewe, maana hayafanani.

Kuna deni la duka: chumvi, sabuni, unga kidogo. Mwenye duka ni jirani, mara nyingi haongezi kitu juu, lakini akichoka kungoja anafunga daftari, na siku mtoto hana chakula huna pa kukimbilia.

Kuna deni la kituo cha afya. Wote tunajua habari ya mama aliyejifungua salama lakini akabaki kitandani siku nyingi kwa sababu familia haijamaliza kulipa.

Kuna deni la shamba. Wengi wetu hatulimi udongo wetu. Tunakodi shamba kwa msimu, na aliyekimbia vita analima kwa mtu aliyempokea. Usipolipa kabla ya mvua, mwenye shamba anampa mwingine.

Kuna deni la mazao yaliyo bado shambani. Njaa inauma, mnunuzi anakuja maharagwe yakiwa yanatoa maua, anakupa pesa kidogo, na siku ya kuvuna gunia ni lake. Umelima wewe, anakula yeye.

Na kuna lile la hatari kuliko yote, la watu tunaowaita Banki Lambert. Leo unapewa franga kidogo, kila mwezi zinazaa riba, na rehani yako ni simu, au baiskeli, au kadi ya uchaguzi ambayo ndiyo kitambulisho chako. Na bila kitambulisho, hata hiyo pesa ya msaada inaweza kukupita.

Basi utaanza na lipi? Jiulizeni maswali matatu. La kwanza: deni gani linakua kila mwezi? Hilo likatwe mapema, hata kama ni dogo. La pili: deni gani limeshika kitu ambacho bila hicho hatufanyi kazi, kama shamba, kitambulisho au simu? Hilo nalo lisingoje. La tatu: ni nani anayeweza kupokea nusu na kungoja mavuno? Nendeni mkamwone sasa, kabla ya siku ya malipo, mkapatane mbele ya shahidi. Mdai uliyemfuata kwake huwa mpole kuliko mdai aliyekuvizia njiani.

(Muziki mfupi.)

Tufanye hesabu pamoja. Hii ni mfano tu, bei za soko lenu mnazijua ninyi. Tuseme familia inapokea dola 120.

Familia ya kwanza haikutaja deni. Siku ya pesa baba ananunua mbuzi kwa dola 50. Mama analipa minervali ya mtoto wa sekondari, dola 40. Dola 30 zinakwenda kwa chakula na nguo. Kila mtu anafurahi. Baada ya wiki mbili mwenye riba anakuja. Mbuzi anauzwa kwa haraka, na kitu kinachouzwa kwa haraka huuzwa kwa hasara. Mvua inaanza, mbegu hakuna, na shamba limepewa mwingine. Familia ilikuwa na mpango mzuri, ila haukuwa na ukweli.

Familia ya pili inakaa jioni na kutaja kila deni. Wana deni la riba, dola 30. Shamba la kukodi, dola 15. Duka, dola 18. Wanaamua: riba yote, shamba lote, na mwenye duka amekubali nusu, dola 9. Jumla dola 54. Zinabaki 66. Mbegu ya maharagwe na jembe jipya, dola 20. Zinabaki 46. Chakula, chumvi na sabuni hadi maharagwe yakomae, dola 30, ili wasiuze mazao yangali na maua. Zinabaki 16. Hapo ndipo wanachagua: kuku watatu, au sehemu ya minervali, au mtaji wa kuuza samaki wakavu.

Mtasema, mbona familia ya pili haina mbuzi? Ni kweli. Lakini ina shamba, ina mbegu, na ikivuna, gunia ni lake. Mbuzi atanunuliwa na mavuno.

Angalieni pia kalenda. Katika milima yetu ya Kivu msimu mkubwa unaanza mwezi wa tisa, na msimu wa pili mwezi wa pili au wa tatu. Mwezi wa tisa ndio pia mwezi wa kufungua masomo. Tangu 2019 shule ya msingi ya serikali ilitangazwa kuwa ya bure, lakini sekondari inalipwa, na madaftari na sare havinunuliwi kwa tangazo. Kwa hiyo mbegu na masomo hugongana. Pesa ikifika mwezi wa nane, amueni mapema. Mkuu wa shule anaweza kupokea kwa awamu. Mvua haina awamu.

(Muziki mfupi.)

Wako wanaosema, "Mkulima akipewa pesa ataimaliza kwenye pombe." Maneno haya yamechunguzwa. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Benki ya Dunia, David Evans na Anna Popova, walikusanya uchunguzi kutoka nchi nyingi, na hawakuona kwamba pesa ya msaada inaongeza matumizi ya pombe na tumbaku.

Hapa kwetu Masisi, mwaka 2011, familia za wakimbizi wa ndani zilipewa msaada wa thamani moja kwa njia mbili: nyingine pesa, nyingine kuponi za kununulia katika maonyesho ya bidhaa. Waliopewa pesa walinunua vitu vya aina nyingi zaidi, kila mmoja kwa shida yake, na hawakubaki nyuma ya wenye kuponi katika chakula wala mali. Na kugawa pesa kuligharimu kidogo kuliko kugawa kuponi.

Na kwa jirani zetu wa Kenya, sehemu ya Rarieda karibu na Ziwa Victoria, familia nyingine zilipewa pesa kidogo kila mwezi, nyingine zikapewa yote kwa mara moja. Waliopokea kila mwezi walipata nafuu zaidi katika chakula. Waliopokea yote pamoja walinunua zaidi vitu vya kudumu, kama mabati. Tujifunze hapo: mkiulizwa kama mnataka kwa awamu au kwa mara moja, msijibu haraka. Mwenye njaa ya kila wiki ana jibu lake, na mwenye deni la riba ana jibu lake.

Sasa neno kwa baba na mama. Katika nyumba nyingi kuna madeni mawili ambayo hayajuani. Baba ana lake, mama ana lake, mara nyingi katika likirimba au kwa jirani. Kama kadi ya malipo imeandikwa kwa jina la mama, baba asione amenyang'anywa heshima. Na mama asiizike pesa peke yake kwa hofu. Kaeni kabla pesa haijafika, maana ugomvi juu ya pesa ambayo bado haijaja ni mwepesi kuliko ugomvi juu ya pesa iliyo mezani. Yeyote asiyejua kuandika atumie punje za maharagwe: fungu la deni, fungu la shamba, fungu la chakula, fungu la kesho. Watoto wakubwa wawepo. Na mtu asipigwe wala kufukuzwa kwa sababu ya deni alilolisema, maana mwaka ujao hatasema tena.

Mwisho, siku ya malipo yenyewe. Hesabuni pesa hapohapo, kabla ya kutoka. Mkipewa dola, kagueni kila noti: iliyochanika hata kidogo ukingoni, sokoni wataikataa, hivyo irudisheni palepale. Ombeni noti ndogo. Kwa malipo ya simu, namba yako ya siri usimpe hata anayejifanya kukusaidia, na uliza mapema kama gharama ya kutoa pesa imeongezwa juu ya msaada au itakatwa ndani yake. Tembeeni kwa kundi, rudini mchana.

Na hili lishikeni: jina kuwekwa katika orodha halilipiwi. Akija mtu, awe shefu, awe mwanakamati, awe mfanyakazi wa shirika, akidai "asante" yake, au akimtaka mama au msichana kwa mwili ili jina lisifutwe, huo ni uovu na pia ni kosa la kushtakiwa. Kila shirika linapaswa kuwa na njia ya kupokea malalamiko: namba ya simu, sanduku, au mtu maalumu wa kusikiliza. Iulizeni siku ya kwanza ya kuandikishwa. Mwenye kulalamika hapaswi kuondolewa katika orodha.

Ndugu wasikilizaji, dawa ya deni ni kulipa, lakini kabla ya kulipa kuna kulitaja. Usiku wa leo, kabla hamjalala, kila mmoja ndani ya nyumba ataje la kwake: kwa nani, kiasi gani, tangu lini, linakua au limesimama. Msitafute bado la kununua. Tajeni kwanza. Kesho mwende kwa yule anayeweza kungoja mavuno, mkapatane.

Wiki ijayo tutaendelea na vikundi vya kuweka na kukopeshana, namna ya kuvianzisha katika kijiji na namna ya kutunza sanduku la pesa lenye funguo tatu. Yeyote mwenye swali juu ya mazungumzo ya leo alipeleke kwa kundi la wasikilizaji la kijiji chake, nasi tutalijibu hapa.

 

(Muziki wa kufunga kipindi.)