Jelatini, Mayai na Nywele Zetu

(Mazungumzo kwa wanakisomo wa vijiji vya Milima ya Uluguru)



Leo tunazungumza juu ya nywele. Wapo watakaosema haya ni mambo ya wasichana wa mjini. Wasikilize kwanza, kwa sababu mbele tutafika kwa watoto wadogo.

Binti zetu wakirudi kutoka Morogoro mjini au Dar es Salaam wanakuja na habari mpya. Wanasema nywele zinalishwa protini. Huyu anapaka mayai, yule anapaka jelatini. Mwingine anasema jelatini inakinga nywele zisiharibiwe na maji ya bwawa la kuogelea. Tumeulizwa mara nyingi: Je, ni kweli?

Tuanze na hiyo jelatini. Wengi mnaijua, ila jina ndilo geni. Pika supu ya makongoro jioni, uiache sufuriani usiku kucha. Asubuhi, hasa huku juu Mgeta kwenye baridi, unaikuta imeganda na inatikisika. Kilichoigandisha si mafuta. Mafuta yako juu, meupe, unaweza kuyaondoa kwa kijiko. Kile kilichoganda chini yake ndiyo jelatini pamoja na maji. Inatoka katika ngozi, mifupa na kano za mnyama zikichemshwa muda mrefu. Viwandani wanaikausha na kuifanya unga. Vile vidonge vya rangi mbili tunavyopewa zahanati, mara nyingi ganda lake ni jelatini.

Viwanda hutumia ng'ombe, lakini pia hutumia nguruwe. Kwa hiyo Mwislamu, au mtu yeyote asiyetumia nguruwe, asome pakiti kabla ya kununua. Kusoma tunakujua. Kama haikuandikwa, amwulize muuzaji, na muuzaji asipojua, aiache dukani. Tena asichanganye unga wa jelatini na ule unga wa rangi wa kutengenezea jeli ya watoto. Ule una sukari. Ukiupaka kichwani utaita sisimizi!

Sasa chukua ile supu iliyoganda. Iweke motoni: inayeyuka mara moja. Chukua kipande kingine ukitie katika maji ya baridi: hakiyeyuki. Shikeni jambo hilo, maana ndilo linaloeleza habari ya waogeleaji.

Kuna mchezo ambao waogeleaji hucheza majini kwa muziki, wote kwa pamoja, kama watu wa ngoma. Mchezo huo uliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles, Marekani. Wachezaji wake hubana nywele fundo moja, wakakoroga jelatini kwa maji ya moto, wakaipaka kwa brashi. Ikikauka inakuwa ngumu kama gundi. Maji ya bwawa si ya moto, basi haiyeyuki, na hakuna unywele unaosogea. Wakimaliza wanaiondoa kwa maji ya moto. Lakini wale hupaka ili nywele zikae mahali pake. Hawapaki kwa ajili ya kuzilisha.

Maji ya bwawa la hoteli yana dawa ya klorini ya kuua vijidudu, na klorini inakausha nywele. Anayeogelea huko afanye hivi: kwanza alowanishe nywele kwa maji safi, kwa sababu nywele zilizokwisha kushiba maji hazinywi mengi ya bwawa. Apake mafuta ya nazi kidogo. Akitoka tu, azisuuze. Kofia ya mpira pia inasaidia. Watoto wetu wanaoogelea mtoni hawana shida ya klorini. Hatari ya mtoni ni kichocho, nayo ina siku yake.

Sasa tuje kwenye kulisha nywele. Unywele umetengenezwa kwa protini iitwayo keratini. Ndiyo iliyo katika kucha zetu, na katika pembe za ng'ombe. Lakini unywele uliokwisha kutoka nje ya ngozi hauna uhai. Ndiyo maana ukikatwa na mkasi huumii. Kitu kisicho na uhai hakili. Ukiupaka yai, unywele haulishwi yai hilo. Protini ya yai ni kubwa mno kupenya ndani yake. Inakaa juu, kama chokaa juu ya ukuta. Viwanda huikata protini kuwa vipande vidogo sana, na vingine hupenya kidogo. Yai la jikoni halikukatwa hivyo.

Je, basi haina faida? Ipo, ila ndogo. Jelatini ikitanda juu ya unywele uliochoka inaufanya ujisikie mnene na wenye nguvu kwa siku chache. Waliotumia dawa ya kulainisha nywele ndio wanaoiona faida hiyo zaidi. Na tuseme wazi: dawa nyingi za kulainisha zina kostiki, ile ile ya kutengenezea sabuni, au dawa nyingine kali namna hiyo. Inavunja viungo vya keratini. Ndiyo maana nywele zinanyooka, na ndiyo maana zinakatika. Ikikaa muda mrefu inaunguza ngozi ya kichwa. Kupaka jelatini baadaye hakuviungi viungo vilivyovunjika.

Anayetaka kujaribu, atie kijiko kimoja cha chakula cha unga wa jelatini katika maji baridi kidogo, uvimbe. Kisha aongeze maji ya moto hadi kikombe kimoja, akoroge, asubiri yawe vuguvugu. Apake juu ya nywele safi, akae dakika kumi, asuuze sana kwa maji ya vuguvugu, halafu apake mafuta. Asirudie kila wiki. Zikizidi, nywele zinakuwa kavu kama majani ya paa na kukatika. Kwa yai ni kinyume: suuza kwa maji ya baridi. Ukitumia ya moto, yai litaiva kichwani, na kazi ya kuyatoa makombo yake utaijua mwenyewe.

Ndugu zetu, mahali pa kulisha nywele ni chini ya ngozi, kwenye mzizi. Huko unywele una uhai, na chakula chake kinafika kwa damu. Damu inakipata tumboni. Mnaokumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, na ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975, mlifundishwa habari za vyakula vya kujenga mwili. Nywele nazo zimo katika mwili huo.

Mtazameni mtoto mdogo aliyeachishwa ziwa, anayekula uji mtupu au ugali na mchuzi. Nywele zake zikigeuka nyekundunyekundu, zikawa laini na chache, na ukizivuta kidogo zinatoka bila mtoto kulia, msikimbilie mafuta. Wala msianze kugombana kwamba wazazi wamembemenda mtoto. Tumeona nyumba zikigawanyika kwa maneno hayo huku mtoto akizidi kudhoofu. Huo ni utapiamlo, ugonjwa wa kwashakoo. Daktari Cicely Williams aliueleza kwa waganga wenzake miaka ya 1930, alipofanya kazi katika nchi ambayo leo ni Ghana. Jina lenyewe ni la watu wa huko, na maana yake ni maradhi ya mtoto mkubwa anapozaliwa mdogo wake.

Bonyezeni kwa kidole gumba juu ya miguu yake yote miwili, mkihesabu hadi tatu. Mkiondoa kidole na shimo likabaki, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo. Msiseme tumpe kwanza mayai mengi nyumbani tuone. Mtoto aliyefika hapo hulishwa kwa utaratibu wa waganga, maana chakula kingi cha ghafla kinaweza kumdhuru.

Kwa watoto ambao bado wazima, vyakula tunavyo. Yai moja lina karibu gramu 6 za protini. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina karibu gramu 15. Kuna njegere, kunde, dagaa, na kwa wenzetu wa Mgeta kuna maziwa ya mbuzi. Maharage na ugali vikiliwa pamoja vinasaidiana. Supu ya makongoro ni tamu, lakini msiitegemee peke yake: jelatini inakosa sehemu moja ya protini ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Na nyumba yenye yai moja tu, yai hilo ni la mtoto. Binti atatumia mafuta ya nazi.

Sasa tunakaribisha maswali. Mama mwenye mtoto aliyeachishwa ziwa asione haya kumleta hapa mbele, tuitazame miguu yake pamoja.