SHAFTI NA BERINGI ZA MASHINE YA KUSAGA

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, semina ya parokia)



Tuliombwa tuzungumze juu ya miradi ya kuleta mapato. Lakini tulipopitia ripoti zenu tuliona maneno fulani yanarudi kila mara: "mashine imesimama", "tunangoja fundi", "beringi imekufa tena". Kwa hivyo leo katiba na akaunti ya benki tutaziweka kando. Tutazungumza juu ya ile shafti inayozunguka ndani ya mashine ya posho, na beringi mbili zinazoibeba.

Sisi si mafundi. Sisi ni watu wa ofisi ya maendeleo, na haya tulijifunza kwa aibu. Ngojeni tuwaambie.

Kulikuwa na kikundi kimoja cha akina mama, jina tusilitaje. Mashine yao ni ile ya nyundo, inavutwa na injini ya dizeli. Miaka mitatu ilisaga vizuri. Halafu beringi ya upande wa puli ikafa. Wakanunua nyingine, baada ya wiki tano ikafa. Wakanunua tena, hiyo haikumaliza hata mwezi. Aliyekuwa akipanda matatu kwenda mjini kununua ni mweka hazina. Maneno yakaanza. Kwanza yalisemwa kisimani, kwamba mama huyu ananunua beringi za bei ya chini na kuandikiwa risiti ya bei ya juu. Baadaye yakasemwa mkutanoni, mbele yake. Alitoa risiti zote akaziweka mezani, na hakuna aliyezisoma. Siku hiyo hiyo alikabidhi kitabu na ufunguo wa sanduku, na hata jumuiya ndogo ndogo akaacha kuhudhuria.

Tuliitwa kupatanisha. Na sisi tulifanya nini? Tuliwaambia wanunue beringi ya bei ghali zaidi, ile inayojipanga yenyewe shafti ikipinda kidogo. Walikuwa wakitumia namba 6308, tukawapa 1308, kwa maana vipimo ni sawa: tundu milimita 40, upana wa nje 90, unene 23. Tulichangia nusu ya bei kutoka ofisini. Ilikaa wiki sita.

Aliyetufungua macho ni mzee mmoja, fundi mstaafu wa reli. Hakugusa spana. Aliuliza tu, "Nyundo mlibadilisha lini?" Kijana anayeendesha mashine akasema nyundo zilikuwa zimeliwa na kokoto, na kwa kuwa pesa zilikuwa chache, walibadilisha za upande mmoja, za upande wa pili wakaziacha. Tangu hapo mashine ilikuwa ikitetemeka mpaka kikombe cha chai kinatembea mezani, lakini walikaza boliti za msingi wakasema imetulia. Jameni, tulikumbuka ripoti yao! Huko kubana pesa sisi wenyewe tulikuwa tumekusifu kwa wino mwekundu.

Mzee akaomba mizani ya duka. Nyundo za upande mpya zilizidi zile za zamani kwa gramu 50 hivi. Tukasema, ah, gramu 50 ni nini? Ni vijiko vichache vya sukari. Mzee akachukua kalamu. Nyundo ikizunguka sentimita 20 kutoka katikati ya shafti, na shafti ikizunguka mara 2,800 kwa dakika, hizo gramu 50 zinavuta shafti kwa nguvu kama ya mzigo wa kilo 87. Fikirini gunia la mahindi la kilo 90, linavuta ile shafti juu, mbele, chini, nyuma, zaidi ya mara 46 kila sekunde. Hakuna beringi itakayovumilia hayo muda mrefu, hata ungeinunua kwa bei ya ng'ombe. Na ile tuliyowapa sisi ni nzuri mahali ambapo nyumba za beringi hazikai kwenye mstari mmoja, lakini kwa kubeba uzito ni dhaifu kuliko ile ya kwanza.

Halafu akafanya jambo ambalo tunataka kila kikundi kilijue. Aliziomba beringi zilizokufa. Bahati nzuri zilikuwa bado kwenye debe la vyuma vikuukuu. Alifunika moja kwa gunia, akaipasua kwa nyundo na tindo, akatuonyesha njia ya gololi. Kama mkanda umekazwa kupita kiasi, ule mduara wa nje wa beringi huliwa upande mmoja tu, upande unaoelekea injini, na mduara wa ndani huliwa kote. Kama shafti haina usawa, mambo hugeuka: wa ndani huliwa mahali pamoja, wa nje huliwa kote. Zile beringi zote zilikuwa zimeliwa ndani, mahali pamoja. Basi tukajua. Mama wa watu hakuwa na kosa.

Kwa hivyo ombi letu la kwanza: beringi ikifa msiitupe. Ifungeni kwenye karatasi, andikeni tarehe, muiweke. Ni shahidi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Kabla ya mkono wowote kuingia kwenye mashine, injini izimwe na mkanda utolewe kwenye puli. Kama ni mota ya umeme, suichi kuu izimwe na fyuzi itolewe, na fyuzi hiyo akae nayo mfukoni yule anayefanya kazi. Na akina mama, leso ifungwe vizuri au iachwe nyumbani. Mkanda haujui kama umeshika leso au umeshika mtu.

Kila asubuhi, mkanda ukiwa umetolewa, zungusheni shafti kwa mkono. Ikienda kimya na laini, sawa. Ikikwaruza kama mchanga, beringi imeanza kuondoka. Kisha shikeni puli muisukume juu na chini. Ikicheza hata kidogo, msisage siku hiyo mpaka fundi aone, kwa maana shafti ikishuka nyundo zitagonga chujio, na hapo mtanunua vitu vitatu mahali pa kimoja. Jioni, mkishazima, wekeni kiganja kwenye nyumba ya beringi. Joto ni kawaida. Lakini kama kiganja hakiwezi kukaa hata sekunde mbili au tatu, hapo imefika digrii 60 hivi au zaidi, na kuna jambo.

Mara nyingi jambo lenyewe ni grisi. Wengi wetu tunafikiri beringi ni kama mtoto, ikilia unailisha. Siyo. Nyumba ya beringi haijazwi yote. Thuluthi moja au nusu ya nafasi inatosha. Ikijaa, gololi zinaikoroga ile grisi kama uji na inachemka. Tena msichanganye grisi ya kopo moja na ya kopo lingine la aina tofauti. Nyingine zikikutana huyeyuka zikatoka zote, beringi ikabaki kavu. Na pangusa tundu la kupigia grisi kwanza. Unga ukiingia hunyonya mafuta, na pamoja na vumbi unakuwa kama msasa.

Kubadilisha beringi ni kazi ya fundi, lakini simameni hapo mtazame. Ile ya zamani itolewe kwa kifaa cha kuvutia, mafundi wanakiita pula. Mpya isigongwe mduara wa nje wakati wa kuingia kwenye shafti. Achukue kipande cha bomba kinachotoshana na mduara wa ndani, agonge hapo polepole pande zote. Akitoa moto wa gesi aichome ili ipanuke, mkatazeni. Chuma cha beringi kikipita digrii 120 kinaanza kupoteza ugumu wake. Akiona shafti imelika na beringi inaingia bila kugongwa, wengine huipiga alama za tindo ili ishike. Hiyo ni dawa ya wiki mbili. Shafti ya namna hiyo ijazwe kwa weldingi na kuchongwa upya kwenye leithi, au ibadilishwe.

Na juu ya weldingi, hili halijulikani sana. Mkichomelea mguu au hopa ya mashine, ule waya wa kurudisha umeme ufungwe karibu kabisa na mahali panapochomelewa. Ukifungwa upande wa pili, umeme unaweza kupitia kwenye beringi na kuchoma vidoa kwenye gololi. Mtawasha mashine, mtasikia inavuma, na mtamlaumu aliyeuza.

Nyundo zibadilishwe zote pamoja. Zipimwe kwa mizani moja moja, kisha zilizo na uzito sawa zipangwe zikikabiliana. Nyundo nyingi zina tundu kila mwisho, kwa hivyo kona nne zinaweza kutumika kwa zamu kabla ya kununua mpya, mradi zigeuzwe zote siku moja.

Mliuliza juu ya kuboresha mashine. Wengi wanapofikiria kuboresha wanafikiria mbio: tuweke puli ndogo ili isage haraka. Hebu tuhesabu. Injini ya Lister 8/1 ilitengenezwa kuzunguka mara 850 kwa dakika. Ikiwa na puli ya inchi 16, na mashine ina puli ya inchi 5, zidisha 850 kwa 16, ugawe kwa 5, unapata 2,720. Ukiweka ya inchi 4 unapata 3,400. Mbio imeongezeka kwa robo, lakini nguvu ya kuvuta shafti imeongezeka kwa zaidi ya nusu, kwa sababu mbio ikizidi mara mbili nguvu hiyo inazidi mara nne. Tazameni bamba la mtengenezaji kwanza. Kama halipo, msicheze na puli.

Kwa maoni yetu pesa ya kuboresha iende mahali pengine. Kwanza sumaku kwenye hopa, ya kushika misumari. Pili nyumba za beringi zinazofungwa kwa boliti badala ya zile zilizochomelewa, ili shafti iweze kupangwa sawa. Hapo mwambieni fundi beringi moja ibanwe isitembee na ya pili iachiwe nafasi kidogo, kwa maana shafti ya sentimita 60 ikipata joto la digrii 40 zaidi inarefuka karibu thuluthi moja ya milimita, na isipopata pa kwenda inasukuma beringi. Tatu, mkinunua, tafuteni ile iliyoandikwa C3 baada ya namba. Ina nafasi zaidi ndani, inavumilia joto. Na namba yenyewe mnaweza kuisoma: tarakimu mbili za mwisho mara tano ni tundu la shafti. 08 ni milimita 40, 09 ni 45. Mtu hatawauzia isiyowatosha.

Pesa zitoke wapi? Kikundi tulichokitaja sasa huweka kando shilingi 2 kwa kila debe. Wakisaga debe 40 kwa siku, siku 26 za kazi, ni shilingi 2,080 kwa mwezi, na haziguswi hata kwa matanga. Karibu na mashine kuna kitabu: tarehe ya grisi, tarehe ya nyundo, namba ya beringi, nani alinunua, risiti imebandikwa.

Kitabu hicho anakishika yule mama. Wanakikundi walikwenda kwake wote siku moja jioni, mwenyekiti akiwa mbele, na sisi pia tulikwenda kwa sababu tulikuwa na letu la kuomba msamaha. Alitupikia chai. Alisema amesamehe, lakini hazina hataishika tena, wamtafute mwingine. Yeye ataandika mambo ya mashine tu. Hatukumsukuma.

Basi twendeni nje. Fundi ameshafungua mashine ya parokia na mizani iko pale. Aliyekuja na beringi iliyokufa ailete mbele, tuipasue tuone imeliwa wapi.