Sodo za Bure, Ila Si kwa Binti wa Kabiro

Msikilizaji, leo nazungumzia sodo. Nitazitaja kwa jina lake, kwa sababu jambo hili tumelinong'ona vya kutosha.

Mwezi wa Juni 2017, Kenya iliifanyia marekebisho Sheria ya Elimu ya Msingi na kuipa serikali jukumu la kumpatia msichana aliyebaleghe sodo za bure, za kutosha na zenye ubora, pamoja na njia salama ya kuzitupa. Miaka 13 kabla ya hapo, mwaka 2004, tulikuwa tumeziondolea kodi ya VAT. Nchi hii ilitangulia mbali katika jambo hili, na nasema hivyo kwa fahari. Lakini sheria ile inamtaja msichana aliyesajiliwa katika shule ya umma. Hapo ndipo binti wa wadi ya Kabiro, kule Kawangware jijini Nairobi, na mwenzake wa Lindi au Laini Saba, kule Kibera, walipoachwa mlangoni.

Pita Kabiro asubuhi watoto wanapokwenda shule, uwatazame wanakoelekea. Wengi wanaingia shule za mtaani, zile za mabati, zilizoanzishwa na kanisa, au na mwalimu aliyeona watoto wakizurura, au na kikundi cha akina mama. Wizara huziita shule za Apbet. Elimu ya msingi ilipofanywa bure mwaka 2003, shule za serikali zilifurika, na mitaa yetu haikujengewa nyingine za kutosha. Wazazi wakajitafutia njia. Sasa, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inatambua makundi mawili tu ya shule: za umma na za kibinafsi. Kwa hiyo darasa la mabati la Kabiro, ambako mama analipa karo kidogo kidogo kila anapopata kibarua, limewekwa kapu moja na akademia za Lavington zenye bwawa la kuogelea. Msichana wa Kabiro anahesabiwa kuwa mtoto wa shule ya kibinafsi! Akipata pakiti ya sodo, amepewa kwa hisani. Kudai hawezi.

Tumeshaona mtengano huu unavyoua. Tarehe 23 Septemba 2019, jengo la shule ya Precious Talent liliporomoka Ng'ando, hapo jirani Dagoretti Kusini, likaua watoto wanane. Tulilia, viongozi wakafika, shule kadhaa zikafungwa. Lakini nani anawajibika kwa mtoto anayesoma katika shule ambayo serikali haikuijenga na wala haimpi mzazi nyingine? Swali hilo tulilizika pamoja na wale watoto.

Mashirika ya kijamii ndiyo yaliyosimama pengoni, na yanastahili heshima. Kule Kibera, Jane Anyango alianzisha Polycom Development Project mwaka 2004. Shirika lake liliweka masanduku shuleni ili wasichana watumbukize karatasi zisizo na majina, waandike kinachowasumbua. Shofco, shirika lililoasisiwa na Kennedy Odede, lilifungua Shule ya Wasichana ya Kibera mwaka 2009. Kazi kubwa hiyo. Hata hivyo, mfadhili anaweza kuhamia nchi nyingine mwaka ujao, na hakuna mahakama itakayomlazimisha arudi. Serikali inaweza kulazimishwa. Ndiyo maana natamani yale yaliyoandikwa kwenye karatasi za masanduku yafike meza ya bajeti, si ripoti ya mfadhili peke yake.

Na hapa nageukia kaunti. Kabiro imo eneo bunge la Dagoretti Kaskazini, pamoja na Gatina, Kawangware, Kilimani na Kileleshwa. Kila asubuhi akina mama wa Kabiro wanatembea hadi Kileleshwa na Lavington kufua nguo za watu. Mama fua asipofika kazini, siku hiyo hakuna unga. Lakini vikao vya kushirikisha umma katika bajeti mara nyingi huitishwa siku ya kazi, asubuhi, na tangazo lake hutoka gazetini kwa Kiingereza. Halafu tunaambiwa wanawake hawakujitokeza. Wangejitokeza vipi? Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kiambu si mbali na Kabiro, na kaunti yetu inaijua hukumu hiyo.

Lipo jambo ambalo akina mama hawa wangelisema kabla ya lolote, wakipewa nafasi: mtoto mchanga anaachiwa nani? Mara nyingi anaachiwa dada yake wa gredi ya sita, na dada huyo siku hiyo haendi shule. Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya vituo vya kulelea watoto. Nafasi za kulelea watoto za bei nafuu Kabiro zingemrudisha msichana darasani upesi kuliko hotuba mia za siku ya wanawake.

Kwa hiyo navisihi vikundi vya akina mama vya Kabiro na Kibera, vyama vya kuweka akiba na vya makanisani: andikeni. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa mwananchi haki ya kupeleka ombi katika Bunge la Kaunti. Ombi kwa Bunge la Kitaifa linaruhusiwa kuandikwa kwa mkono, tena kwa Kiswahili. Mna makatibu wanaotunza vitabu vya michango bila kupoteza shilingi, kwa hiyo kazi hii haiwashindi. Bunge liombeni haki ya sodo imfuate msichana, awe amesajiliwa shule gani. Kaunti iombeni vituo vya kulelea watoto, na vikao vya bajeti vifanyike Jumamosi alasiri, kwa Kiswahili, papo hapo mtaani, kabla makadirio hayajawasilishwa tarehe 30 Aprili. Mkishaandika, leteni nakala hapa studioni. Nitaisoma hewani, neno kwa neno.