Winga Huyu Anakimbia au Hakimbii?

Mazungumzo ya redio kwa ajili ya amani, Bunia. Maneno yamechapwa kama yalivyosemwa.

Nawasalimu ninyi mlio hapa Bunia mjini, ninyi wa Djugu, Irumu, Mahagi, Aru na Mambasa, na zaidi ninyi mnaonisikiliza chini ya turubai, mbali na mashamba yenu. Nawasalimu pia machefu wa lokalite, wakubwa wa kartye na wa avenyu, na kamati za wahamiaji. Leo sitasoma tangazo. Leo tutaongea mpira.

Najua kuna mama atakayesema: huyu naye, sisi tunatafuta unga, yeye anatuletea mpira. Mama, nivumilie kidogo. Kijana wako anaongea mpira toka asubuhi mpaka usiku, na katikati ya maneno hayo kuna maneno mengine yanapita ambayo ninyi wazazi hamyasikii. Hayo ndiyo nataka tuyasikilize pamoja.

Kila mara timu yetu ya taifa, Léopards, inapocheza, vijana wanajaa kwenye nyumba za video, na wasio na faranga za kuingia wanakaa nje na redio. Mpira ukiisha, mabishano ndiyo yanaanza. Mtu wanayembishania sana ni mchezaji wa pembeni, winga. Chukueni Meschack Elia. Tarehe 7 Februari 2016, kule Kigali, alifunga magoli mawili katika fainali ya CHAN, tukaifunga Mali 3–0, naye akachaguliwa mchezaji bora wa mashindano. Siku ile alikuwa mtoto wa kila mtu. Mwaka 2019 akaondoka TP Mazembe kwa ugomvi, mwaka 2020 akaanza kucheza Young Boys ya Bern, Uswisi, na huko akapata ubingwa zaidi ya mara moja. Mwezi wa kwanza wa 2024, kule Côte d'Ivoire, alitufungia goli dhidi ya Misri, mchezo ambao kipa wetu Lionel Mpasi aliumaliza yeye mwenyewe kwa penalti ya mwisho, 8–7. Tena tarehe 16 Novemba 2025, kule Rabat, Nigeria walipotangulia mapema sana, Elia ndiye aliyesawazisha, kiisha tukawatoa kwa penalti 4–3.

Sasa muulize kijana wa hapa Bunia juu ya Elia. Mmoja atasema: ni mchezaji mkubwa, anakimbia mpaka anadondoka. Mwingine atasema: anakimbia bure, mbele ya goli anatetemeka. Wa tatu atasema: mwaka huu amelegea, awekwe kwenye benchi. Wote watatu waliangalia mchezo ule ule. Mimi nafikiri yule wa pili anamwonea, lakini hayo tuyaache, tusije tukabishana hata redioni.

Kwa nini winga ndiye anayebishaniwa? Niwaeleze ninyi msiocheza. Zamani winga alikaa pembeni kwenye mstari, akangoja mpira, akampita beki, akamimina mpira mbele ya goli. Kazi yake ilikuwa hiyo. Siku hizi kocha anamdai kazi mbili. Wakiwa na mpira, aende mbele. Wakiupoteza, arudi mbio kumsaidia beki wake, kwa sababu asiporudi, beki anabaki peke yake na watu wawili. Katika mchezo mmoja wa dakika 90 mtu kama huyo anaweza kukimbia kilometa 10 na zaidi, na nyingi kati ya hizo anazikimbia bila mpira. Anaenda, mpira hauji. Anarudi. Anaenda tena.

Hapo ndipo shida ilipo, wasikilizaji. Redio inafuata mpira. Mtangazaji anasema jina la mwenye mpira, hasemi jina la yule anayekimbia kurudi nyuma kufunga njia. Hata kamera ya televisheni nayo inafuata mpira. Kwa hiyo mtu amekaa na redio yake kwenye turubai, hajasikia jina la Elia kwa dakika kumi, anasema: leo hachezi huyu. Kumbe katika dakika hizo kumi amerudi nyuma mara sita, na shambulio la adui limekufa kwa sababu yake. Sisemi ndivyo ilivyo kila siku. Kuna siku winga hachezi kweli. Lakini sikio la redio peke yake haliwezi kukuambia.

Kubishana juu ya kazi ya mtu si vibaya. Mchezaji anavaa rangi ya taifa, watu wana haki ya kusema. Hata shefu, hata mimi ninayeongea hapa, tusemwe kwa kazi yetu. Ubaya unaanza pale neno linapotoka kwa mtu na kwenda kwa watu wake. Nataka tukae hapo kidogo.

Mnakumbuka Desemba ya 2010? TP Mazembe ilikwenda Abu Dhabi kwenye kombe la dunia la vilabu, ikaifunga Internacional ya Brazil 2–0. Afrika nzima ilisimama, maana hakuna timu ya bara letu iliyowahi kufika fainali ile. Tarehe 18 wakakutana na Inter ya Milan, wakafungwa 3–0. Mwamuzi alikuwa Mjapani, Yuichi Nishimura. Kule Lubumbashi kulikuwa na watu waliosema kwamba mwamuzi ametuonea. Haya, hilo ni neno la mpira, mtu anaweza kulisema. Lakini kundi likatoka, likaenda kushambulia maduka ya Wachina. Ya Wachina, wasikilizaji! Mwamuzi ni Mjapani, yuko Abu Dhabi. Mwenye duka ni Mchina, yuko Lubumbashi, labda mchezo wenyewe hakuuangalia. Kosa lake lilikuwa sura.

Tunaweza kuwacheka watu wa Lubumbashi. Lakini sisi wa Ituri tuna haki ya kucheka? Tangu vita vya 1999 mpaka 2003, na tena tangu mwisho wa 2017, ni mara ngapi mtu amelipishwa jambo lililofanywa na mwingine, mahali pengine, siku nyingine, kwa sababu ya lugha anayoongea au kilima alichozaliwa? Ninyi mlio kwenye kambi mnajua kuliko mimi.

Sasa niwaambie jambo lililotokea karibu na sisi. Sitataja kambi, wala kabila, wala jina, na mnaojua naomba mnyamaze.

Kulikuwa na timu ya vijana, nusu wahamiaji, nusu wenyeji wa kartye. Walikuwa na winga wa kushoto, kijana wa miaka 17, mwepesi kama swala. Michezo ya kwanza alifunga, watu wakamwimba. Kiisha ikapita michezo mitatu bila goli, na katika ule wa tatu goli la kuwafunga likapitia upande wake. Mabishano yakaanza kwenye foleni ya maji. Mmoja: amelegea. Mwingine: anajivuna. Kisha kijana mmoja akasema: hamjui kwamba mama yake ni wa upande ule? Anaacha njia wazi makusudi.

Wasikilizaji, neno hilo lilitoka mdomoni asubuhi, jioni lilikuwa limefika mwisho wa kambi. Mama wa yule winga aliolewa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, amekimbia pamoja nao, amelala kwenye mvua pamoja nao. Siku zile hakwenda bombani peke yake. Alimtuma mtoto mdogo na bidoni, yeye akabaki ndani. Mnaelewa maana yake. Mchezo wa mpira ulikuwa karibu kumfikisha mama wa watu mahali ambapo hakuna mwamuzi wa kupiga filimbi.

Kocha wao ni mwalimu wa shule. Hakuita mkutano wa kuwafundisha upendo. Alimwendea mzee mmoja wa wahamiaji na mama mmoja wa kartye anayeuza mandazi kando ya uwanja, ambaye hata kanuni za mpira hazijui vizuri. Akampa kila mmoja mahindi makavu na vikombe viwili. Akawaambia: Jumapili msiangalie mpira. Mwangalieni huyu kijana tu. Kila akirudi nyuma mbio kumsaidia beki, tieni punje moja. Kikombe kimoja cha kabla ya mapumziko, kimoja cha baada ya mapumziko. Nao wasikae pamoja.

Mchezo ulipoisha wakahesabu mbele ya watu wote. Mzee: punje 14 kabla ya mapumziko, 5 baada. Mama: 13 kabla, 5 baada. Watu wakanyamaza. Kwa maana hesabu ile haikuwapa ushindi wote waliomtetea. Waliosema amelegea walikuwa na ukweli wao: baada ya mapumziko kijana alikuwa hayupo. Lakini msaliti gani anafanya kazi nusu ya kwanza mara 14, kiisha anakumbuka usaliti wake saa ya pili?

Ndipo mama wa mandazi akauliza swali ambalo hakuna mwanamume aliyeliuliza: huyu mtoto anakula saa ngapi? Ikajulikana. Kila siku, hata Jumapili ile, alitoka kabla ya jua kwenda kulima shamba la mtu kwa malipo ya siku, akarudi mchana, akaingia uwanjani na chai ya asubuhi tumboni. Baba yao hayupo, yeye ndiye mkubwa. Miguu ilikuwa inaisha. Damu ya mama yake haikuwa na kazi yoyote katika jambo lile.

Na yule aliyesema neno? Wengine walitaka afukuzwe kwenye timu. Mzee akakataa. Akamwita kando, akamuuliza: uliona wewe mwenyewe, au ulisikia? Akasema alisikia. Kwa nani? Hakukumbuka vizuri. Kijana huyu naye, wapendwa, alikimbia usiku kutoka kijijini kwao, na wengine wa nyumba yao hawakufika. Mimi sina haki ya kumtukana. Mtu aliyechomewa nyumba anaona moshi hata penye ukungu. Lakini mzee alimwambia wazi: maumivu yako ni ya kweli, na neno lako lilikuwa la uongo, na vyote viwili vinakaa ndani yako. Kisha akamtuma kwa mama wa winga kuomba msamaha, siyo mbele ya watu, nyumbani kwake, akiwa amembebea maji. Mama alipokea maji. Alisema nini, sisi hatukuambiwa, na ni vizuri.

Kwenu machefu na wakubwa wa kamati nataka kusema hivi. Ng'ombe akipotea, shamba likiliwa, mtu akichelewa kurudi kutoka sokoni, watu wanakuja kwenu na neno limeshaiva: ni wale. Ninyi mnakuwa kama mtu mwenye redio: mnasikia jina la mwenye mpira tu. Tafuteni wahesabuji wawili, mmoja wa kila upande, wasiokaa pamoja. Waulizeni wameona nini, siyo wanafikiri nini. Na mwekeni katika shauri mtu mmoja asiyehesabiwa kuwa anajua mambo, kama yule mama wa mandazi. Hesabu zao zikitofautiana kidogo, kama 14 na 13, msiogope. Ogopeni zinapofanana kupita kiasi kabla hata ya mchezo kuchezwa.

Ninyi vijana, endeleeni kubishana. Mtu akisema Elia hafai, mwulize: umehesabu? Akisema ndiyo, msikilize mpaka mwisho, hata kama anakuudhi. Akianza kusema kabila la mchezaji, mwambie mpira umetoka nje, urushwe upya.

Jambo moja ninaliongeza. Tarehe 7 Februari 2024, kule Abidjan, kabla ya nusu fainali na Côte d'Ivoire, wimbo wa taifa ukiimbwa, wachezaji wetu waliziba mdomo kwa mkono mmoja, na vidole viwili vya mkono mwingine wakaviweka kwenye kichwa kama bastola. Walikuwa wanawaambia walimwengu juu ya vifo vya huku mashariki, kwamba watu wanaona na wanafunga midomo. Katika mstari ule walisimama watu wa kila pembe ya nchi, wengine wamezaliwa Ulaya. Tulifungwa 1–0, na kesho yake vijana wa Bunia walibishana juu ya goli lile la Haller, beki gani alilala. Lakini juu ya ile mikono hakuna aliyebishana.

Yule winga wetu wa kushoto, kocha alipanga acheze kipindi cha kwanza tu mpaka apate nguvu, na mama wa mandazi anamwekea mawili kabla ya mchezo, bila deni. Amefunga moja tangu siku ile. Wengine wanasema angefunga matatu kama angewekwe kulia, kwa sababu mguu wake wa kushoto ndio wenye nguvu na angeingia ndani kupiga. Wengine wanasema huo ni ujinga wa televisheni, abaki kushoto. Mpaka juzi walikuwa hawajamaliza.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji.