Mgonjwa wa Mgongo Apimwe na Presha

Ndugu wajumbe wa kamati za parokia, nanyi wafadhili wetu,

Nimeombwa niseme juu ya baridi yabisi ya uti wa mgongo, ambayo madaktari huiita ankilosingi spondilaitisi. Sisemi juu ya mgongo uliochoshwa na jembe. Huo ukipumzishwa hupata nafuu. Huu mwingine huanza polepole, mara nyingi kabla ya miaka 45. Mgonjwa huamka amekakamaa, na akitembeatembea ndipo hulegea. Kwetu Afrika si ugonjwa wa wengi, kwa hiyo huchelewa kutambuliwa, na vijana wengine huitwa wavivu bure.

Ugonjwa huu haukai mgongoni tu. Uvimbe ulioko viungoni huathiri pia mishipa ya damu na kuifanya insulini ishindwe kazi yake. Maumivu humweka mtu kitini, na kiuno kinaongezeka. Ndiyo maana wagonjwa hawa mara nyingi hukutwa na kitambi, presha, sukari na mafuta ya damu yasiyo sawa. Yakikutana kadhaa kwa mtu mmoja huitwa sindromu ya kimetaboliki, nayo hufungua njia ya kisukari, kiharusi na ugonjwa wa moyo.

Nasi huongeza. Diklofenaki, inayonunuliwa dukani kama karanga, ni dawa halali ya mgongo huu na inasaidia, lakini hupandisha presha, huumiza tumbo na figo. Vidonge vya prednisoloni hupandisha sukari, na mgongo wenyewe hauvisikii sana.

Basi naomba katika zahanati zetu asiondoke mgonjwa wa mgongo na vidonge kabla ya kupimwa. Kwa kiuno, futi ya fundi cherehani yatosha: sentimita 94 kwa mwanamume, 80 kwa mwanamke. Presha ikifika 130 kwa 85, au sukari ya kabla ya kula milimoli 5.6 kwa lita, afuatiliwe. Mafuta yapimwe hospitali ya wilaya. Sigara aache, maana huzidisha yote mawili, mgongo na moyo. Mazoezi ya kunyoosha mgongo ayafanye kila siku. Hapo jumuiya zinaweza kumsindikiza.

Kwa wafadhili nina neno moja. Mashine ya presha hudumu miaka, na hupendeza pichani. Stripu za sukari huisha kila mwezi, wala hakuna anayezipiga picha. Mwaka huu tungeomba stripu.