Utelezi wa Mvua katika Miji ya Mpakani



Mtu akiteleza mjini siku ya mvua, walio karibu hucheka kwanza, kisha humwambia pole. Wala si desturi mbaya sana, kwa kuwa wengi huinuka, hujifuta tope, wakaendelea na safari. Lakini katika Busia na Malaba, ambako njia ya miguu na njia ya malori zimekuwa kitu kimoja, aangukaye huenda asipate nafasi ya kuinuka. Hilo ndilo tunalotaka kulizungumza leo.

Wengi wenu mmepata kupangiwa kazi katika mpaka huo, na mnaujua. Busia ni mji wenye jina moja na serikali mbili. Malaba nao ni vivyo hivyo. Kutoka Mella na sehemu nyingine za wilaya ya Tororo watu huuendea mpaka kutafuta riziki, na wengi wao hawana chombo ila miguu yao. Hata neno boda boda, ambalo leo limeenea Afrika Mashariki nzima, chanzo chake ni mpaka huu, miaka ya 1960 na 1970, pale vijana wa baiskeli walipowavusha abiria katika ile nafasi ya zaidi ya nusu maili iliyovitenga vituo vya Uganda na Kenya. Pikipiki zimekuja, malori yameongezeka, na mwezi Februari 2018 marais wa nchi hizi mbili walifungua rasmi kituo cha pamoja cha Busia ili mizigo ipite upesi. Hayo ni maendeleo ya kweli. Ila karatasi za lori zilipoharakishwa, mwenda kwa miguu hakuandikiwa hati yoyote.

Mvua za kwanza za mwaka katika sehemu hizo hunyesha kati ya Machi na Mei, na za pili kati ya Agosti na Novemba. Katika kila msimu, manyunyu ya mwanzo ndiyo yenye hila. Wakati wa kiangazi vumbi, oili inayovuja kutoka kwenye injini na mabaki ya mipira ya magurudumu hujikusanya juu ya lami na saruji. Manyunyu machache hayana nguvu ya kuuosha uchafu huo. Huulainisha tu, ukawa utando usioonekana. Mvua kubwa ikidumu, utando huo huoshwa, na lami hushika mguu na gurudumu kidogo zaidi. Kwa hiyo askari anayesubiri mvua ya radi ndipo achukue hadhari huwa amekwisha kuchelewa.

Liko pia suala la vigae. Mfanyabiashara akifanikiwa hupenda kuipamba baraza ya duka lake kwa vigae vinavyong'aa, na kwa kuwa mjini baraza hizo ndizo njia ya watu wakati wa mvua, fahari ya mtu mmoja huwa mtego wa mia. Kigae kikilowa, maji hukaa kati yake na soli ya kiatu, na soli hukosa pa kushika. Saruji iliyosuguliwa kwa mwiko hadi iking'aa haina tofauti. Fundi mwenye busara hupitisha ufagio mgumu juu ya zege kabla halijakauka, akaacha mikwaruzo inayoukingama mwendo wa mguu. Kazi hiyo ni ya dakika chache. Mahali palipokwisha kuharibiwa, gunia kavu mlangoni na mchanga kidogo kwenye mteremko husaidia, na mwenye duka hana udhuru wa kuvikosa vitu hivyo.

Hata hivyo utelezi peke yake hauui watu wengi. Unaoua ni utelezi uliokutana na gari. Mwenda kwa miguu akikuta baraza imejaa magunia, pikipiki zimepangwa mbele yake, na lori limeegeshwa magurudumu mawili juu ya ukingo, hana budi kushuka barabarani. Pale anaokwepa ni madereva wale wale ambao breki zao hushika kwa shida kwenye lami yenye maji. Shirika la Afya Duniani lilihesabu waendao kwa miguu 274,000 waliouawa barabarani duniani katika mwaka 2021, yaani asilimia 23 ya vifo vyote vya barabarani. Shirika hilo hilo linaeleza kwamba mwendo wa wastani ukizidi kwa asilimia moja tu, hatari ya ajali ya kuua huzidi kwa asilimia nne. Hapa Uganda polisi waliandika vifo 4,806 vya barabarani katika mwaka 2023.

Tena wako wananchi ambao hata kushuka barabarani ni kazi kubwa kwao. Kila aliyekaa Busia amewaona walemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli za magurudumu matatu zinazoendeshwa kwa mikono. Hao hawaombi sadaka; wanafanya kazi ya uchukuzi. Penye mteremko uliolowa, baiskeli iliyosheheni huweza kumshinda mwenyewe ikarudi nyuma, naye hawezi kuruka akajiokoa. Mama mwenye beseni kichwani na mtoto mgongoni naye hawezi kuitazama miguu yake. Na mfereji uliokosa kifuniko, maji yakiujaza, hufanana kabisa na barabara.

Mtauliza, haya ni ya baraza la mji, yanamhusu nini askari? Mifereji na zege ni kazi ya baraza la mji, hatukatai. Lakini lori lililopanda ukingo huondolewa kwa amri ya polisi. Mwezi Januari 2022, upimaji wa UVIKO kwa madereva ulipokwamisha mpaka, foleni ya malori ilienea makumi ya kilomita upande wa Kenya. Siku kama hizo kila nafasi ya kando huliwa na magari, na asiposimama askari kuilinda njia ya miguu hakuna mwingine atakayesimama. Askari wa doria ndiye anayepita mahali pale pale kila siku, kwa hiyo yeye ndiye wa kwanza kujua ni kifuniko gani kimeibwa. Taarifa ya mistari miwili katika kitabu cha kituo, yenye jina la mtaa, inatosha kumfanya mkuu wa kituo amwandikie karani wa mji kabla mtu hajavunjika mguu.

Neno moja linawahusu ninyi wenyewe. Buti za gwaride zenye chuma kisiginoni ni hatari juu ya vigae. Piga hatua fupi, kanyaga kwa mguu wote, wala usikimbie kwenye baraza ila kwa lazima. Polisi wa barabarani huvaa nguo nyeupe ili aonekane, lakini akijifunika koti jeusi la mvua, weupe huo haumfai kitu. Mwanajeshi naye amevishwa mabaka yaliyokusudiwa kumficha, na usiku wa mvua humficha barabara hata kwa dereva wa lori. Kabla ya kutoka lindo la jioni, fulana inayong'aa ivaliwe juu ya koti, na tochi iwe mkononi, si mfukoni.