Kuku Wako, Mbwa wa Jirani, na Mkono Wako

(Mazungumzo ya afisa mifugo mstaafu na wanafunzi wa sekondari, Rangwi, wilayani Lushoto)

Wa nyuma mnanisikia? Haya.

Nikuulize wewe: ukimkuta mbwa wa jirani amemdaka kuku wenu, utafanya nini? Najua, utamrukia. Hata mimi nilimrukia. Nilikuwa darasa la sita, na yule tetea alikuwa wangu, mayai yake ndiyo yaliyoninunulia madaftari. Nikamnyang'anya mbwa, akaning'ata kiganjani. Tetea akafa. Nikafunga kitambaa, nikanyamaza siku mbili nzima. Baba na yule jirani walikuwa hawapatani, nikaogopa kuwasha moto. Bibi ndiye aliyegundua, aliponiona nakula ugali kwa mkono wa kushoto. Siku hiyohiyo tukaenda hospitali kwa miguu. Enzi hizo sindano zilichomwa tumboni, tena nyingi! Nikapona. Yule mbwa hakuonekana tena, na mpaka leo sijui kama alikuwa na kichaa.

Siku zile mbili za kunyamaza zingeweza kuniua. Ndiyo maana leo nataka tuzungumze.

Kichaa cha mbwa huletwa na virusi vilivyomo kwenye mate. Mtu akishaanza kuonyesha dalili, karibu kila mara hufa, hata akipelekwa hospitali kubwa namna gani. Duniani kinakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto chini ya miaka 15. Yaani wadogo zenu, hao wanaotumwa kuangalia kuku.

Lakini kinazuilika. Ukiumwa, osha kidonda papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Usipake mafuta ya taa wala pilipili. Mwambie mtu mzima, uende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama chanjo haipo hapo, uliza inapatikana wapi, mwende. Siku hizi sindano huchomwa begani au kwenye ngozi ya mkono, si tumboni. Maliza dozi zote, hata kidonda kikipona. Dalili huweza kuchelewa mwezi, miezi mitatu, au zaidi ya mwaka. Aliyekuuma akiweza kufungwa bila hatari, aangaliwe siku 10. Ila usisubiri siku hizo ziishe ndipo utoke nyumbani.

Na mifugo je? Ng'ombe na mbuzi nao hupata kichaa wakiumwa. Ng'ombe hulia ovyo, hudondosha mate, hashindwi tu kula bali hata kumeza, ukadhani amekwamwa na gunzi. Usiingize mkono mdomoni! Mwite mtaalamu wa mifugo. Maziwa yake msinywe, na akifa nyama yake msile. Fukieni.

Sasa tuje nyumbani. Mbwa haji kwenu bure, kuna kinachomwita. Kuku amekufa kwa mdondo, mmemtupa migombani. Ng'ombe amezaa, kondo la nyuma limeachwa nje ya banda. Mbuzi amechinjwa, matumbo yametupwa korongoni. Mbwa akishazoea kula hapo, siku asipokuta kitu atatafuta kilicho hai. Tena matumbo mabichi yenye malengelenge humpa mbwa minyoo ya tegu, na mayai ya minyoo hiyo hutoka na kinyesi chake, yakaweza kurudi kwenu kwenye mboga na mikononi. Basi fukia shimo refu, shindilia udongo, weka mawe juu.

Kisha tazama banda. Huku kwetu milimani wengi tunafuga ng'ombe bandani na kuwakatia majani, kwa hiyo ndama yupo salama kama mlango unafungwa. Kuku ndio wanaoteseka. Inua banda lao kwenye nguzo, kiasi cha mita moja, na mlango ufungwe kabla ya giza. Kama liko chini, fukia wavu wa waya ardhini ili mbwa asichimbe. Vifaranga wafunike kwa tenga wiki za mwanzo. Hayo yote kijana wa kidato cha kwanza anaweza kuyafanya Jumamosi moja.

Kuna watakaokwambia, "Tegesha sumu kwenye nyama, maneno yaishe." Hapana! Nyama ile haichagui. Itaokotwa na kuku wako, na paka, na mtoto anayetambaa. Tena Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inakataza kuwatesa wanyama.

Dawa ya kweli ni chanjo. Wakichanjwa mbwa angalau 70 katika kila 100, na zoezi likarudiwa kila mwaka, kichaa hukosa njia ya kupita. Msiseme haiwezekani. Kisiwani Pemba, kichaa kiliingia upya mwaka 2016 baada ya kuwa kimetoweka. Watu wakachanja mbwa tena kisiwa kizima, na kufikia mwisho wa 2018 kilikuwa kimekwisha.

Na jirani? Nenda na mzazi, jioni, watu wametulia. Msianze na bei ya kuku. Anzeni hivi: "Shikamoo mzee. Tumekuja kuhusu mbwa wetu." Sema *wetu*, kwa sababu akipata kichaa atakuwa wa wote. Ombeni afungwe mchana, aachiwe usiku ndani ya boma lake kulinda, apewe chakula, apelekwe chanjo. Akikataa kabisa, yupo mwenyekiti wa kitongoji na mtendaji wa kijiji.

Kazi ya nyumbani: leo ukirudi, hesabu mbwa wa kitongoji chenu. Uliza wangapi wamechanjwa. Wakiwa 10, unataka 7. Niletee jibu wiki ijayo.

Na kama kuna mtu hapa aliyefunga kitambaa mkononi akanyamaza, asisubiri wiki ijayo. Aje sasa hivi, nitamsindikiza mwenyewe.